Viatu ulivyovitunza kwa ajili ya safari ndivyo vitakavyokuaibisha Ulaya

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia dukani kwetu hapa Kariakoo, hakusalimia, akaweka juu ya kaunta jozi ya viatu vya ngozi nyeusi. Ngozi inang'aa kama siku tuliyomuuzia. Chini hakuna soli. Kuna makombo ya kijivu tu, mithili ya andazi lililokaa juani siku tatu. "Mliniuzia feki," akasema, na wateja wengine wamesimama wanasikiliza.

Alikuwa ametoka hija Roma na wenzake wa parokia. Siku ya pili, wakiwa wametoka Basilika ya Mtakatifu Petro, soli ya kulia ikaachia. Kabla hajafika mto Tiber, ya kushoto nayo ikafuata. Alimaliza siku kwa ndala za kuazima juu ya mawe, kesho yake akanunua raba kwa bei ya euro, kwa hela aliyokuwa ameitenga kwa zawadi za wajukuu. Uchungu wake naujua na sikumjibu kwa hasira. Nilimuuliza swali moja tu: "Mama, tangu 2018 ulipovinunua, umevivaa mara ngapi?"

"Mara tatu. Nilivitunza kwa ajili ya safari."

Yeye si wa kwanza. Mwaka wa Jubilei 2025 ulipeleka watu wengi Roma, na malalamiko ya namna hii yamekuja dukani hadi nimechoka kuyaeleza mmoja mmoja. Kwa hiyo naandika.

Sisi tumelelewa kutunza. Kiatu kizuri ni cha Krismasi, cha Idi, cha harusi. Kikirudi nyumbani kinafutwa, kinajazwa karatasi, kinawekwa kwenye boksi juu ya kabati pamoja na vidonge vya nondo. Kwa kiatu cha soli ya ngozi iliyoshonwa, kama walivyovaa babu zetu, utunzaji huo ulikuwa na faida. Lakini viatu vingi vya kutembelea siku hizi vina povu katikati ya soli, na mara nyingi povu hilo ni poliyurethani, aina ya plastiki. Ni jepesi, linabeba uzito vizuri, miguu inalipenda. Adui yake ni mvuke wa maji uliomo hewani. Mvuke unaingia ndani ya povu na kuukata muundo wake polepole, na joto linaharakisha kazi hiyo. Povu linakuwa la kunata au la unga, kisha linapasuka. Hili hutokea hata kama kiatu hakijawahi kugusa barabara. Baada ya miaka mitano hivi tangu kitengenezwe, lolote linaweza kutokea.

Sasa fikiria Dar es Salaam: joto mwaka mzima, unyevu wa bahari, kabati lisilopitisha hewa. Humo ndani soli inaoza bila wewe kuona, kwa sababu ngozi ya juu haina tatizo. Kiatu kinachovaliwa mara kwa mara hudumu zaidi, maana kila hatua inaliminya povu na kulitoa unyevu. Unachokitunza kwa heshima ndicho kinachokufa mapema.

Hapa ndipo linapokuja suala la bei, na nitalisema wazi. Kila siku mtu anasimama mlangoni na kuniambia raba kama yetu ipo sokoni Karume kwa elfu thelathini, kwa nini sisi tunataka laki na nusu. Ndugu yangu, raba ya mtumba ilivaliwa na mtu mwingine, povu lake limelala kwa kufuata mguu wa mtu huyo, na hujui ilikaa stoo miaka mingapi kabla ya kupakiwa kwenye belo. Kwa kwenda sokoni na kurudi itakutosha. Kwa siku kumi za kutembea kutwa, unacheza kamari. Hata kiatu kipya cha bei ya kutupa mara nyingi ni mzigo wa zamani unaotafutiwa mtu wa kumtwika. Raba nyingi za kampuni kubwa zina kibandiko kidogo ndani ya ulimi chenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Sisi tunakisoma kabla ya kununua mzigo. Jozi iliyotengenezwa zaidi ya miaka miwili iliyopita tunairudisha kwa muuzaji, na hasara hiyo ni yetu. Ukilipa laki na nusu, unalipia na kazi hiyo.

Ila kosa letu ni hili: 2018 hatukumwambia yule mama kwamba kiatu kile kina umri. Siku hizi tunaandika kwenye risiti mwaka wa kutengenezwa na maneno "vaa, usihifadhi".

Kuna kundi jingine linaloumia, nalo ni la wanaonunua jioni ya kuamkia safari. Kijana mmoja alikuja saa kumi na mbili jioni, ndege ya saa tisa usiku, anaenda Lisbon kwenye semina na kukaa wiki moja ya mapumziko. Akachagua flati nyembamba nyeupe kwa sababu zinaendana na suruali zake. Nilimwambia Lisbon ni mji wa vilima, na njia zake za miguu zimetandikwa vipande vidogo vya mawe ya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo hadi vikawa laini. Mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Hakunielewa. Aliporudi alisema alianguka mara mbili, na visigino vyote vilikuwa malengelenge kufikia siku ya tatu.

Roma nako kuna mawe yake, wenyewe wanayaita sampietrini, mawe meusi ya volkano yaliyochongwa kama matofali madogo. Juu yamebinuka kidogo na kati yake pana mianya. Ukiwa na soli nyembamba, kila jiwe unalisikia, na mguu unajipinda kidogo kila hatua. Kisigino chembamba cha mwanamke kinazama katikati ya mawe. Wanaofuata njia ya kale ya makanisa saba, iliyoenezwa na Mtakatifu Filippo Neri, hutembea zaidi ya kilomita 20. Kwa hiyo mtu akija kununua, swali langu la kwanza ni anakwenda mji gani. Rangi tutaizungumza mwisho.

Kupima ni kazi, na wateja wengi wanaiona ni kupoteza muda. "Mimi navaa 41," basi. Namba 41 ya kampuni hii si 41 ya kampuni ile, na mguu wa mtu mzima unaendelea kutanuka kadiri miaka inavyokwenda, hasa kwa kina mama waliozaa. Tunakuomba uje alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kwa shughuli za siku, maana ndivyo itakavyokuwa baada ya saa nane ndani ya ndege. Tunapima miguu yote miwili ukiwa umesimama, na tunafuata ule mrefu. Mbele ya kidole kirefu lazima ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kutoka namba moja hadi nyingine ya Ulaya ni karibu milimita 7 tu, lakini hizo ndizo zinazoamua kama utarudi na kucha zako. Kuba la Mtakatifu Petro lina ngazi 551. Kupanda kunachosha mapaja. Kucha zinakufa wakati wa kushuka, vidole vinapogonga mbele ya kiatu kila ngazi. Mzee mmoja niliyembembeleza achukue 44 badala ya 43 aligoma, akasema anaonekana kama amevaa mtumbwi. Alirudi na kucha mbili nyeusi na akanionyesha mwenyewe, Mungu ambariki. Safari iliyofuata alichukua 44.

Ukishanunua, vaa. Vaa sokoni, vaa kanisani, vaa kwenye daladala ukiwa umesimama, wiki tatu kabla ya safari. Soksi uvae zilezile utakazosafiri nazo, na zisiwe za pamba tupu, kwa sababu pamba hunywa jasho na kulishikilia kwenye ngozi. Ngozi ikilowa na kusuguliwa, lengelenge haliko mbali. Kisigino kikicheza, pitisha kamba kwenye lile tundu la mwisho la juu ambalo watu wengi huliacha, kisha kaza kifundoni. Ni jambo dogo na halina gharama.

Sasa gundi. Mtu akiona soli imeanza kuachia siku mbili kabla ya safari, anakimbilia supaglu ya dukani. Supaglu ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na soli ni kitu cha kujikunja kila hatua. Inapasuka. Kisha fundi analetewa kiatu chenye tabaka gumu kama kioo ambalo lazima alikwangue lote kabla ya kuanza kazi, na kazi ya elfu kumi inakuwa ya elfu ishirini. Mwingine anatuambia, "Wewe paka gundi tu, nitoke." Kwenye povu lililooza hakuna gundi inayoshika, maana unabandika juu ya unga. Namna yetu ni kuondoa soli yote ya zamani, kupiga msasa, kupaka gundi ya viatu mara mbili na kuacha ikauke kila mara, kuipasha moto, kukandamiza, na kuacha hadi kesho yake ndipo tushone kuzunguka. Hatufanyi kwa saa moja hata ukiongeza hela.

Yule mama nilimweleza haya yote, tukiwa tumekaa. Hakukubali kila kitu, lakini alikubali kuniachia viatu. Ngozi yake bado nzuri sana, ingekuwa dhambi kuitupa. Nimeikwangua, nimeiwekea soli ya mpira wa kushona isiyo na povu, na nimemtoza nusu ya elfu arobaini tunayotoza kwa kazi hiyo. Jumamosi atavichukua, na amesema Jumapili atavivaa kanisani.

Kama una jozi juu ya kabati inayosubiri safari, ishushe leo. Kikunje kiatu katikati kwa nguvu, kisha bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ukiona mpasuko, unga, au kidole kikinata, kilete na boksi lake. Kukagua hatutozi, lakini njoo mapema, usije na begi la ndege mkononi.