Kapu la Jumamosi: Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Sita 2026 kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Padre Mkuu wa Shule,
Waheshimiwa wajumbe wa Bodi,
Mapadre, masista, walimu na wafanyakazi wote,
Wazazi na walezi wetu,
Wadogo zetu mnaobaki,

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Asalaam aleikum!

Salamu tatu, Mheshimiwa, na zote zimeitikiwa kutoka kwenye safu za wahitimu. Umesikia mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pole na safari. Risala hii tumeiandika huku tukiomba gari lako lisikwame, maana mvua za masika wilayani Mbinga hazimwogopi mgeni rasmi. Wewe barabara hii unaijua. Uliipanda ukiwa kidato cha kwanza, tranka kichwani, kabla hujawa daktari, na walimu wametuambia kwamba siku ile ulilia. Tunakuomba radhi kwa kulisema hadharani. Lilitufariji sana, kwa sababu wengi wetu tulilia pia.

Tuliingia kidato cha tano Julai 2024. Julai huku juu maji ya ndoo yanauma meno. Wenzetu waliotoka Dar es Salaam na Lindi walikuja na shuka moja moja, wakidhani baridi ya Umatengo, huku milimani Mbinga, ni hadithi za kutishia watoto. Usiku wa kwanza bweni zima lililala na masweta, soksi na taulo juu. Kengele ikagongwa saa 10:45 alfajiri. Kuna aliyeuliza, "Kuna moto?" Hapakuwa na moto. Ilikuwa kengele ya kuamka tu, na imetuamsha hivyo kwa karibu miaka miwili.

Ratiba unaijua, haijabadilika: usafi, misa saa 12 kasoro kwa wanaohudhuria, uji, paredi, vipindi, sala ya Malaika wa Bwana saa sita mchana mkono ukiwa bado na chaki, maharage, shamba, rozari, prepo ya kujisomea usiku. Maharage nayo hayajabadilika. Kitaaluma tuko tayari kwa mtihani wa Taifa mwezi ujao. Wenzetu wa tahasusi za sayansi, PCB na CBG, wamemaliza mada zote. Wa sanaa, HGL na HKL, wanasema wamemaliza, na sisi tunawaamini kwa imani ileile inayofundishwa kanisani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuna mambo ya imani tuliyoyaona kwa macho yetu ambayo tungependa uyasikie.

La kwanza ni la Mei 8, 2025. Prepo ilikuwa imeanza, saa moja na dakika chache usiku, kengele ya kikanisa ikaanza kupigwa wakati ambao haipigwi kamwe. Moshi mweupe ulikuwa umetoka Roma: Papa mpya amepatikana. Mwalimu wa zamu alijaribu kutuzuia kwa muda ambao hata yeye hakuuamini, kisha akatangulia mbele yetu mbio kwenda bwaloni kwenye televisheni. Tulibanana humo Wakatoliki, Walutheri, Wasabato na Waislamu, umeme ukakatika, ukarudi, na saa mbili na dakika kadhaa tukasikia jina: Papa Leo wa Kumi na Nne. Mwenzetu Mwislamu kutoka Tunduru ndiye aliyeuliza swali lililotushinda wote usiku ule: wa kumi na tatu alifanya nini? Mlezi wetu wa kiroho akaona nafasi yake. Wiki iliyofuata tulikuwa na kipindi kizima juu ya Leo wa Kumi na Tatu na waraka wake wa mwaka 1891 juu ya haki za wafanyakazi na ujira wa haki. Wapishi wetu waliposikia habari za ujira wa haki walisogea dirishani kusikiliza.

Septemba mwaka uleule, Carlo Acutis akatangazwa mtakatifu, kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15 na aliyekuwa hodari wa kompyuta. Tulimwendea Padre Mkuu na hoja nzuri: Baba, mtakatifu wa siku hizi alikuwa na kompyuta, sisi maabara yetu ya kompyuta ina mashine zinazowaka kwa zamu. Padre akatujibu kwamba mtakatifu huyo pia alikuwa akienda misa kila siku. Tukarudi mabwenini. Hoja yetu, hata hivyo, bado ipo, Mheshimiwa, na tutaigusa tena huko chini.

Jingine ni la mwaka huu. Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima, iliangukia Februari 18, na mfungo wa Ramadhani ukaanza ndani ya wiki hiyohiyo. Kwa hiyo kwa siku zipatazo thelathini shule yetu ilifunga kwa mikono miwili. Mpishi mkuu, ambaye ni Mkatoliki, aliamka saa tisa usiku kuwapashia wenzetu daku, na alifanya hivyo bila kuagizwa na mtu. Ijumaa, baadhi walishuka mjini kwa ruhusa kuswali, na jioni waliporudi walitukuta kwenye Njia ya Msalaba, tukiwa tumezunguka uwanja hadi kituo cha tisa, matope magotini. Walisimama pembeni wakasubiri tumalize, ndipo tukaenda bwaloni pamoja: wao kufuturu, sisi kula mlo wetu mmoja kamili wa siku. Hakuna mwalimu aliyepanga hivyo. Njaa ndiyo iliyopanga.

Walimu wa historia wametufundisha kwamba Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyefundisha katika shule ya misheni ya Pugu, ndiye ambaye serikali yake ilitunga Sheria ya Elimu ya 1969 na kuzichukua shule za misheni, ili mtoto wa dini yoyote apate dawati. Tumejadiliana sana kuhusu hilo kwenye midahalo, na hatukukubaliana. Shule yetu imezaliwa baadaye, ni ya Kanisa, na mlango wake uko wazi. Tumeona dawati linaweza kupatikana kwa njia zaidi ya moja.

Sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tufike kwenye kapu.

Mwaka 1976 maaskofu wa nchi za AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, waliweka mkazo kwamba Kanisa katika ukanda huu lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo. Parokiani jumuiya ni nyumba kumi, kumi na tano, zinazosali kwa zamu sebuleni. Hapa shuleni jumuiya ni watu wa bweni moja, kwa majina ya watakatifu, na hukutana Jumamosi jioni baada ya kufua. Wasio Wakatoliki hawalazimishwi. Wengi huja, kwa sababu ndiko mambo ya bweni yanakosemwa: nani anaumwa, nani kapokea simu ya msiba, nani hajala.

Katikati ya kikao hupita kapu, kapu la kawaida la kuchumia kahawa, limefunikwa kitambaa. Mwenye mche wa sabuni hukata kipande akatia. Mwenye dawa ya meno mbili hutia moja. Asiye na kitu huingiza mkono akatoa. Sharti ni moja: kila mtu lazima aingize mkono, hadi kiranja, hadi aliye na tranka lililojaa. Mkono ukiingia chini ya kitambaa, hakuna ajuaye umetia au umetoa. Hatukulianzisha sisi. Tulilikuta, na huenda Mheshimiwa uliliacha wewe.

Siku moja mlezi wetu alitusomea Injili ya Mathayo, mahali panaposema utoapo sadaka, hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Mwenzetu wa Tunduru akanyoosha kidole, akasema ustadhi wake wa madrasa aliwafundisha hadithi ya Mtume inayosema karibu neno kwa neno hivyohivyo, juu ya mtu anayetoa sadaka kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Tukatazamana. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena kama Waislamu wanaruhusiwa kwenye kapu.

Tunaomba radhi kwa kurefusha. Tumelieleza kapu ili ombi letu lieleweke.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, muhula wetu huanza Julai. Julai kahawa ya wazazi wetu wa Mbinga nyingine bado iko mtini, nyingine iko juani. Ikitoka hapo inakwenda AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inasubiri kukobolewa, inasubiri mnada, na baada ya mnada mkulima anasubiri malipo. Korosho ya wazazi wetu wa Tunduru Julai haijaanguka hata moja. Wazazi hawa si wakaidi wa kulipa. Fedha yao ina msimu, na ada haina.

Tunaelewa pia upande wa pili. Mahindi ya bwalo hununuliwa kwa fedha taslimu, umeme hauji kwa ahadi, na walimu wana watoto wao wanaodaiwa ada mahali pengine. Mhasibu wetu tunamhurumia kwa dhati.

Lakini Jumatatu asubuhi, paredi, majina ya wadaiwa husomwa. Hutoka mbele mmoja mmoja, wakasimama wakitazamwa na shule nzima, kisha hupewa karatasi ya kwenda nyumbani. Mwenzetu mmoja alisomwa Jumatatu tatu mfululizo. Ya nne hakuwepo, na leo hayupo katika safu hizi. Hatutamtaja, ametajwa vya kutosha. Tunachoweza kukwambia ni kwamba alikuwa na mkono mzuri kwenye shamba la ngoro, kilimo cha vishimo cha Wamatengo: sisi wageni ndiye aliyetufundisha kulaza nyasi zilizofyekwa kwa miraba na kuzifunika udongo, hadi vile vishimo vikakaa vizuri na mvua ikashindwa kuburuta udongo mlimani. Maharage tuliyokula mwaka jana yana jasho lake.

Ijumaa hadi Jumapili tunafundishwa mkono wa kushoto usijue. Jumatatu saa mbili kasoro shule nzima inajua.

Katika TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, tumefunzwa njia ya kuona, kuamua na kutenda. Kuona tumeona kwa miaka miwili. Kuamua kulituchukua vikao vitatu na mabishano mengi, kwa maana wapo waliosema si adabu kulileta hili mbele ya wageni. Kutenda ni haya maneno. Na ili pasiwe na shaka, Padre Mkuu alipewa risala hii Jumatano aipitie, kama ilivyo desturi. Alikaa nayo hadi baada ya masifu ya jioni. Akairudisha akiwa amesahihisha nukta mbili na herufi moja kubwa. Mstari wa paredi hakuugusa. Baba, tunakushukuru.

Maombi yetu basi ni haya. Kwa uongozi wa shule tunaomba taarifa za ada ziende kwa mzazi kwa simu au kwa bahasha, na mwanafunzi asisimamishwe mbele ya wenzake. Tunaomba pia wazazi wenye kahawa na korosho waruhusiwe kulipa sehemu kubwa ya ada baada ya msimu, kwa makubaliano ya maandishi na AMCOS yao. Mwenyekiti mmoja wa AMCOS tuliyemuuliza alisema jambo hilo linazungumzika.

Kwako, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utusaidie kuanzisha mfuko wa ada wa wadogo zetu hawa, mfuko utakaosimamiwa na watu wawili watatu wasiosema. Anayesaidiwa asiandikwe ubaoni, asiitwe jukwaani kushukuru, asipigwe picha akiwa na hundi. Kompyuta tunaomba pia, tusije tukasemwa tumemsahau Mtakatifu Carlo, ila zikisubiri mwaka mmoja hazitafukuzwa shule.

Tunawashukuru walimu, wapishi, walinzi, matroni aliyekesha nasi kwa malaria zetu, na wazazi wetu waliouza vitu ambavyo hatutavijua vyote. Baada ya mtihani wengi wetu tutaitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, na tunaambiwa kengele ya kule nayo haicheleweshwi. Tunakwenda tukiwa tumezoea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mahafali zote tulizohudhuria huwa na harambee, na mshereheshaji hutangaza kwa kipaza sauti nani katoa laki, nani katoa elfu kumi. Leo tumeomba iwe tofauti. Wawakilishi wetu wawili wameshasimama pale nyuma na kapu la bweni, kitambaa juu yake. Litaanza kwako, lipite meza kuu, lipite kwa wazazi hadi kwa dereva wa basi. Kila mtu aingize mkono, hata asiye na kitu. Na kama kuna mzazi hapa aliyekosa nauli ya kurudia, sharti ni lilelile la bwenini.

Mshereheshaji ameahidi kunyamaza hadi lirudi. Tunajua haitakuwa rahisi kwake.

Ni sisi,
Wahitimu wa Kidato cha Sita, Aprili 2026