Fundi akiona vizuri, hatainua barakoa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wa kuchomelea, na zaidi niseme na wale wanaowanunulia vifaa. Fundi akiumwa macho, lawama ya kwanza ni kwamba hakuvaa barakoa ya kuchomelea. Mara nyingi barakoa anayo, imetundikwa hapo hapo karibu na mashine. Haivai kwa sababu akiivaa haoni anachokiunga: kioo kimejaa vidoa vya chuma, au giza lake si la kazi ile, au mwanga unapenya kisogoni na kung'aa ndani ya kioo. Basi huiweka kando, hulenga kwa macho matupu, hufumba kidogo na kupiga rodi. Tukitatua shida ya kuona, nusu ya vita ya kulinda macho tumeshaimaliza.

Giza la kioo hupimwa kwa namba. Namba 10 hupitisha takriban asilimia 0.014 tu ya mwanga unaoonekana, na kila ukipanda namba moja, mwanga unaopita hupungua karibu mara 2.7. Miwani ya jua ya kawaida hupitisha asilimia 10 hadi 20. Kwa hiyo anayechomelea kwa miwani ya jua anaingiza machoni mwanga karibu mara elfu moja kuliko mwenzake mwenye kioo namba 10. Wapo wanaovaa miwani ya jua moja juu ya nyingine wakidhani wamejikinga. Kanuni ya kupandisha vioo viwili ni kujumlisha namba zake kisha kutoa 1. Miwani ya giza la namba 3 juu ya nyingine ya namba 3 inatoa namba 5, na hiyo ni ya kukatia chuma kwa gesi, haifai kabisa kwa umeme. Kanuni hiyo hiyo inasaidia panapokosekana kioo: namba 5 na namba 6, vyote viwe vioo halisi vya kuchomelea, vikikaa pamoja vinatoa namba 10.

Kwa rodi za milimita 2.5 hadi 4, ampea 60 hadi 160, namba 10 inatosha. Ampea zikifika 160 hadi 250, tumia 12. Mashine ya waya, yaani MIG, mwali wake uko wazi zaidi, hivyo kwa ampea 60 hadi 160 anza na 11, na kwa 160 hadi 250 anza na 12. TIG, yaani kuchomelea kwa ncha ya tungsteni na gesi, ikiwa chini ya ampea 50 inaridhika na 10; kati ya 50 na 150 inafaa kuanza na 12. Kukata kwa gesi bamba lisilozidi milimita 25 ni namba 3 au 4. Kama huna uhakika, anza na kioo cheusi zaidi, kisha shuka namba moja moja mpaka uone wazi ukingo wa dimbwi la chuma kilichoyeyuka. Ila usishuke chini ya 8 kwa rodi za milimita 2.5 hadi 4 za ampea 60 hadi 160, wala chini ya 10 kwa MIG ya ampea 60 na kuendelea.

Wengine huona kwamba cheusi zaidi ndicho salama zaidi. Sikubaliani. Fundi aliyefungiwa na kioo cheusi kupita kiasi huinama mpaka uso unakaribia mwali, huvuta moshi, hupoteza njia ya kiungo, yaani pale vyuma vinapoungana, na mwisho huinua barakoa kabla rodi haijatulia. Kinachohitajika ni kuona ukingo wa dimbwi na nyuma yake pale chuma kinapoganda. Mwali wenyewe hauna cha kukufundisha, usiukodolee.

Hatari kubwa kuliko namba isiyofaa ni kioo kisicho na namba kabisa. Kioo kilichopakwa masizi au kubandikwa karatasi nyeusi kinaweza kuzima mwanga unaoonekana huku kikiacha mionzi ya urujuanimno na mionzi ya joto ipite. Tena gizani mboni hutanuka, kwa hiyo mionzi hiyo hupata mlango mpana zaidi. Urujuanimno huunguza konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, mionzi ya joto kwa miaka mingi huchangia mtoto wa jicho, na mwanga mkali wa bluu huweza kudhuru retina, utando wa nyuma ya jicho. Ndiyo maana hakuna kioo mbadala cha kubuni.

Sasa kile kioo cheupe (kisicho na giza) cha mbele, ambacho hakuna anayekijali. Kazi yake ni kupokea cheche ili kioo cheusi kibaki safi. Kikishajaa vidoa, mwanga hutawanyika juu yake na kila kitu huonekana kama kwenye ukungu. Fundi hudhani macho yake yamechoka. Kukifuta kwa aproni yenye vumbi la chuma ni kukikwaruza. Kioshe kwa maji na sabuni, kiache kikauke, na vidoa vikishaganda kitupe uweke kingine. Mpangilio ni cheupe nje, cheusi nyuma yake, na ukitumia lenzi ya kukuza, ikae ndani kabisa upande wa jicho.

Lenzi hiyo ya kukuza ni ya lazima kwa wengi waliopita miaka 40, umri ambao jicho huanza kushindwa vitu vya karibu. Lenzi ya nguvu ya 2.00 humwonyesha wazi mtu asiye na shida ya kuona mbali kitu kilicho umbali wa nusu mita, ya 2.50 kilicho sentimita 40. Pima umbali kutoka jicho lako hadi kwenye kiungo ukiwa umekaa mkao wako wa kazi, kisha chagua. Wenye miwani ya sehemu mbili hupata taabu, kwa sababu sehemu ya kusomea iko chini na kidirisha cha barakoa kiko juu, hivyo hulazimika kuinua kidevu mpaka shingo inauma. Miwani ya kusomea ya kioo kizima ni nafuu kwao.

Mwanga wa nyuma una dawa rahisi: shona kitambaa kizito au ngozi kwenye ukingo wa barakoa, ishuke mpaka mabegani. Taa ya kazi iwekwe ubavuni, karibu na kiungo, kamwe isiwe nyuma ya kichwa. Safisha kutu na rangi pande zote mbili za kiungo, chora mistari miwili ya chaki sambamba nacho, na pale ambapo chaki huungua, gonga vidoa vya senta panchi, chuma chenye ncha cha kutia alama. Kaa ubavuni mwa moshi, usiuinamie.

Barakoa inayojitia giza yenyewe imewaokoa wengi na tabia ya kupiga rodi kwa kukisia, kwa sababu kabla ya mwali giza lake ni la namba 3 au 4 tu. Iliyotengenezwa kwa viwango huchuja urujuanimno na mionzi ya joto hata betri ikiisha, lakini haitapunguza mwanga mkali. Hushindwa pale bomba au mkono unapoziba vihisi vyake, vile vijicho vinavyotambua mwali, au TIG ya ampea chache inapokuwa na mwali hafifu. Yenye vihisi vinne ni bora kuliko ya viwili kwa kazi za pembeni na chini ya vitu. Kila asubuhi ishike mkononi, elekeza kioo juani huku ukikitazama kwa pembeni; kisipobadilika, usianze kazi nacho. Ikiwaka na kuzima katikati ya kazi, ongeza usikivu. Ikifunguka wakati dimbwi bado linang'aa, ongeza muda wa kuchelewa.

Chini ya barakoa vaa miwani myeupe ya polikaboneti yenye vizuizi vya pembeni. Ukiinua barakoa kugonga gamba linaloachwa na rodi juu ya kiungo, vipande vya moto huruka, na grenda nayo haisubiri mtu ajiandae. Miwani hiyo huzuia pia sehemu kubwa ya urujuanimno unaotoka kwa fundi wa jirani. Msaidizi anayeshika chuma anahitaji barakoa kamili sawa na mchomeleaji. Wapita njia wazuiliwe kwa pazia, na kuta za karibu zipakwe rangi isiyong'aa, kwani alumini na ukuta mweupe wa kung'aa hurudisha mionzi.

Aliyepigwa na mwali huanza kuumwa saa 6 hadi 12 baadaye, mara nyingi usiku: macho kama yana mchanga, machozi, kushindwa kutazama taa. Atoe lenzi za machoni kama anazo, aweke kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofungwa, akae gizani. Viazi, maziwa na vitunguu visiingie jichoni, vinaweza kuleta maambukizi. Matone ya ganzi ya kutumia nyumbani ni mabaya zaidi; hufuta maumivu huku konea ikizidi kuharibika. Kwa kawaida hupona ndani ya saa 24 hadi 48. Yakizidi hapo, au kuona kukififia, au kama maumivu yalianza palepale wakati wa kusaga kwa grenda, aende hospitali, kwani huenda kuna kipande cha chuma ndani.

Wenye karakana wanaagiza rodi kwa paketi na diski za grenda kwa dazeni. Kwenye oda hiyo hiyo waandike vioo vyeupe vya akiba, vioo vyeusi vya namba 10, 11 na 12, na lenzi za kukuza za 2.00 na 2.50, kisha viwekwe mahali ambapo fundi atavichukua bila kuomba ruhusa.

Wako,
Fundi mchomeleaji