Goli la upande wa mto linaenda na mvua ya Machi tusipochanga sasa

Hamjambo majirani, pamoja na nyinyi mliohama mtaa lakini bado mko kwa grupu mkisoma kimya kimya,

Tunajua ni Januari. Tunajua karo imelipwa juzi, wazazi wa Gredi 10 ndio mmechapwa kabisa manake watoto wenu ndio wa kwanza kuingia sekondari ya juu na kila shule imekuja na listi yake ya vitu, na kuna nyumba hapa zinakula ugali na sukuma tangu Krismasi iishe. Kamati ya chama chetu cha mtaa ilikaa ikajiuliza kama tungoje hadi Aprili ndio tuombe mchango wa kuokoa uwanja wetu, na kusema ukweli wengi wetu tulitaka kungoja, juu ni aibu kubisha tena mlango ule ule uliofunguliwa juzi. Lakini Aprili itakuwa tumechelewa. Nendeni tu uwanjani leo jioni mjionee.

Goli la upande wa mto, mguu wake wa kushoto uko hewani. Si eti uko karibu na ukingo, uko hewani kabisa, ile simiti tuliyomwagia chini yake inaonekana yote kama jino lililong'oka, na hapo chini ni shimo halafu Mto Ngong wenyewe na kila kitu ulichobeba kutoka Nairobi Dam, Industrial Area na Mukuru, sewa, pampasi, manyoya ya kuku. Watoto wameufunga ule mguu kwa kamba ya manila kwenye mti ndio goli lisiende. Wamejifungia wenyewe, hakuna mtu mzima aliyewasaidia. Na mpira ukitoka upande huo wana kifaa chao, fito ndefu imefungwa mtungi wa mafuta ya kupikia uliokatwa nusu, mmoja analala kifudifudi kwa ukingo anavua mpira, wengine wawili wamemkalia miguu asiteleze. Aliyepiga nje ndiye analala. Hiyo ndiyo sheria yao na wanaifuata kuliko vile sisi tunafuata za chama.

Mimi nikiona yule anayelala ni wa darasa la tatu huwa natamani kuzima simu niende nyumbani nisiulizwe chochote kama katibu.

Huu ukingo ulianza kuliwa na yale mafuriko ya Aprili 2024, mnakumbuka vile Nairobi nzima ilikuwa, watu walihamishwa kando ya mito usiku na mchana. Sisi tulishukuru Mungu hakuna mtu wetu aliyeenda na maji, tukasahau uwanja. Tangu hapo kila mvua inamega kidogo, hata ile ya kawaida tu ya kufanya matatu zipandishe nauli. Kuna mahali pamoja tu hapajasonga hata hatua moja, pale kona ambako vijana walipanda mianzi 2023, mizizi yake imeshika udongo vizuri sana. Kwa hivyo dawa tunaijua, shida ni kwamba mwanzi unataka muda ndio ushike, na maji ya Machi hayatatupa huo muda.

Lakini tusijinyime sifa, 2025 ulikuwa mwaka mzuri. Likizo ya Agosti ilikuja na CHAN hapa Kasarani, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, na ile Jumapili Ryan Ogam wa Harambee Stars aliwafunga Morocco tulikuwa tumetoa televisheni nje chini ya hema la kuazima, watu wakajaa hadi kwa ngazi za jirani ambaye hata hapendi mpira. Kesho yake asubuhi kila mtoto mwenye miguu alikuwa anaitwa Ogam, hata golikipa. Tukaona tusipoteze huo moto, tukaanzisha ligi ya likizo, vijana wa chini ya miaka 13 asubuhi na wakubwa jioni, wasichana na netiboli yao hapo katikati, na mchezo wa kati ukarudi, ule wenyewe wa mpira wa soksi, kina mama wengine walivua viatu wakaingia kuonyesha vile ulikuwa unachezwa. Madagascar walipotutoa kwa penalti kuna watoto walilia lakini ligi haikusimama.

Mazoezi ya kina mama ya Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi yameendelea mwaka mzima bila mtu kulipwa. Wazee wa drafti wako pale chini ya mkuyu kama kawaida, na wamekuwa walinzi wazuri kuliko askari yeyote tungeajiri, mgeni hapiti hapo bila kuulizwa anatafuta nani.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ulifanyika, miezi mingine watu wengi, miezi mingine ni kamati na watoto wao peke yake, tuliona na hatutataja mtu. Miche ya mikuyu iliyopandwa Mei nusu ililiwa na mbuzi. Mwenye mbuzi anajijua. Kuna jirani mmoja mwenye roho nzuri sana alituletea miche ya blugamu, ikabidi turudishe kwa adabu, manake blugamu kando ya mto inakunywa maji kama haina adabu, tukamwomba alete mwanzi ama mringaringa na akaleta. Tunamshukuru hadharani.

Sasa hii ndiyo inatukosesha usingizi. Novemba kuna watu walikuja na gari jeupe, vifaa vya kupima na makaratasi. Wazee wa drafti wakawauliza, wakajibiwa eti hiki kiwanja kina mwenyewe. Siku hiyo bahati nzuri timu ya chini ya miaka 13 ilikuwa mazoezini, kina mama wakatoka, kelele kidogo, wale watu wakapima nusu wakaenda zao. Nusu waliyopima ni gani? Ni ile ya goli la mto. Ile ambayo hakuchezwi tena vizuri, ambayo nyasi imemea hadi magotini na mtu akipita haraka anaweza kudhani ni ploti imeachwa. Tangu Desemba kuna lori linamwaga takataka za ujenzi hapo usiku, na mtu hajazi shimo la mwenzake bure.

Ndio maana wale wanaouliza kwa grupu, "si mtumie pesa kwa vitu vya maana, mpira ni nini", tunawajibu kwa heshima kwamba mpira ndio umelinda huu uwanja. Ardhi ni ya umma, iko mikononi mwa kaunti kwa niaba yetu, Katiba ya 2010 kifungu cha 62 kinasema hivyo, lakini Katiba haikai pale saa tisa usiku. Ripoti ya Ndung'u, ya ile tume iliyochunguza unyakuzi wa ardhi, ilitoka 2004 ikaonyesha vile ardhi ya umma ilivyogawanywa nchi hii, na haikuwa mashamba ya mbali tu. Uhuru Park yenyewe ingekuwa na jengo la ghorofa 60 kama Wangari Maathai hangesimama 1989, na kumbuka alitukanwa bungeni kwa hiyo maneno. Januari 2015 ni watoto wa Lang'ata Road Primary waliotoka likizoni wakakuta ukuta kwa uwanja wao, wakausukuma, wakatupiwa vitoa machozi wakiwa na sare, na uwanja ukarudi. Sisi hatutaki kufika huko. Tunataka wakija tena na lile gari wakute goli limesimama, nyavu zipo, na kuna mechi.

Fundi wa gabioni ameshakuja akapima. Gabioni ni yale masanduku ya waya yanayojazwa mawe, mmeyaona kando ya barabara mahali kuna mteremko, na kwa ukingo wetu yanafaa kuliko ukuta wa mawe na simiti juu maji yanapita katikati ya mawe badala ya kusukuma hadi ukuta ulale. Tunahitaji mita 16, masanduku 8 kwa mstari, mistari mitatu kwenda juu, jumla 24. Kila sanduku ni 5,500, hiyo ni 132,000. Malori matano ya mawe, 80,000. Fundi na vibarua, 70,000. Fensi ya waya na nguzo kumalizia huo upande, 90,000. Mpima ardhi mwenye leseni atuonyeshe bikoni, zile alama za mipaka, ziko wapi na atupe ramani tunayoweza kuweka mezani kwa kaunti, 60,000. Jumla 432,000. Kwa akaunti tuko na 118,000, iliyobaki ya ligi na michango ya kila mwezi ya wale wanaolipa. Inabaki 314,000. Mianzi na miche hatununui, kitalu chetu kinatosha, na kuchimba mitaro ya msingi vijana wamejitolea wakisema wapewe chai na mkate tu. Barua ya kuomba ruhusa ya kufanya kazi kando ya mto imeshapelekwa kwa watu wa rasilimali za maji, kwa hivyo asije mtu akasema tumeamka tu tukaanza kumwaga mawe.

Nyumba zetu zimepita 300. Pigeni hesabu wenyewe, ni kama elfu moja na ya soda kila mlango. Lakini tunajua si kila mlango una elfu moja na kuna milango yenye elfu hamsini, na hapa tunaongea na nyinyi wa milango hiyo bila kuzunguka. Mlilelewa hapa, mkajifunza mpira hapa, leo mko Syokimau na Ruiru na wengine Marekani, mkija Desemba mnapiga picha pale uwanjani mnaandika "tulikotoka". Sawa kabisa. Picha inayofuata mtapiga wapi?

Na wale wa kuweka emoji ya mikono miwili kila tukituma ujumbe, amina tumepokea, sasa hiyo mikono iguse simu.

Tunaomba kwa sababu tunawajua. 2023 tulipochanga fensi ya upande wa barabara tulidhani haitawezekana, lakini shosho wa mandazi alileta mauzo ya asubuhi nzima amefunga kwa leso, stage ya boda wakatoa zaidi ya vile walivyoahidi, vijana wa msikiti walibeba nguzo kwa mabega juu lori lilikwama kwa tope, kanisa likatoa sadaka ya pili ya Jumapili moja, na kuna baba mmoja aliyekuwa amefutwa kazi wiki hiyo hiyo akaleta mia mbili akaomba asisomwe jina. Ile fensi imesimama hadi leo, haijaibwa hata waya mmoja, na kwa Nairobi hiyo ni kazi ya Mungu, tusidanganyane.

Msitegemee mheshimiwa. Rais alisema Julai 2024 kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee, na iwe inafuatwa ama haifuatwi, sisi hatutakaa tukingoja bahasha. Bahasha ya mheshimiwa pia huja na bango lake na tungelitundika wapi, kwa goli lenye mguu mmoja?

Habari ya pesa ni fupi. Tumeni kwa namba ya Paybill ya chama iliyobandikwa juu kwa grupu na kwa ubao wa geti, msitume kwa simu ya mtu binafsi hata akiwa mwenyekiti. Sahihi ni tatu kwa benki. Statimenti ya M-Pesa inabandikwa kila Ijumaa jioni, risiti za 2023 ziko kwa faili kwa mweka hazina na mama yule hata mkimwamsha usiku atawasomea. Mkipenda kutoa mawe, waya, chakula ama siku ya kazi badala ya pesa, inaandikwa vile vile.

Harambee yenyewe ni Jumamosi tarehe 14 Februari 2026, uwanjani, kuanzia saa nane mchana. Ndiyo, ni Valentine, tumeona, msituandikie. Tulitafuta siku iliyo baada ya karo, kabla ya Ramadhani na kabla ya mvua, na ni hiyo tu. Njoo na mpenzi wako, maua ya kununua Nairobi bei yake mnaijua, elfu hiyo ikikuja hapa itakaa miaka. Pasta na imamu wote wawili watafungua kwa maombi, kila mmoja ameahidi dakika tano na tunawaamini. Halafu mechi, wazazi dhidi ya watoto, tukitumia goli moja tu, lile la upande wa barabara. Kina mama wa Jumamosi wanapika pilau, sahani 200, pesa yote inaingia kwa mawe.

Asiyeweza siku hiyo aanze leo hata na mia, fundi anataka nusu ya pesa ya waya kabla ya mwisho wa Februari ndio masanduku yasukwe mapema.

Na wilbaro ya chama, ile ya kijani, aliyeiazima Novemba airudishe kabla ya tarehe 14. Hatuulizi maswali.

Katibu, kwa niaba ya kamati