Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: Tufundisheni kuzichambua takwimu tunazozikusanya

Ndugu Mganga Mkuu,

Kwa heshima zote, nakuandikia hadharani kwa kuwa barua tulizozipitisha kwa mtendaji wa kata na kwa mratibu wetu hazikupata jibu.

Katika kikao cha tathmini cha wiki iliyopita tuliambiwa, mbele ya wenyeviti wa vitongoji, kwamba kingatiba, yaani ugawaji wa dawa za kukinga matende na mabusha, haikufikia lengo katika kata yetu kwa sababu ya uelewa mdogo wa wananchi na uzembe wa wagawa dawa. Nilinyoosha mkono kuuliza asilimia ya waliomeza dawa imekokotolewaje. Nikajibiwa kuwa uchambuzi si kazi yetu, sisi tujaze daftari. Jibu hilo limetuuma sana.

Daftari hilo tunalifahamu. Safu ya "hakumeza" inawachanganya mjamzito, mtoto ambaye hajafikia sentimita 90 kwenye fimbo ya kipimo na mgonjwa mahututi, ambao hawaruhusiwi kupewa ivermectin, mojawapo ya dawa tunazogawa, pamoja na mvuvi ambaye hatukumkuta na mzee aliyekataa kwa kuamini kuwa dawa inaua uzazi. Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 65 ya wakazi wote wameze dawa, lakini mtu anayeisoma asilimia peke yake hawezi kujua ni nani aliyekosa, wala kwa nini. Mkoa wetu wa Tanga ulianza ugawaji huu mwaka 2004. Minyoo wanaosababisha ugonjwa huu, wakishakomaa, huishi mwilini kwa miaka kadhaa, hivyo wakiwa ni walewale wanaokosa kila kampeni, mbu wataendelea kuchukua vimelea kwao na kuvipeleka kwa majirani waliomeza.

Mimi nadhani wanaokosa zaidi ni wavuvi wa dagaa. Kampeni ikiangukia siku za giza, wako baharini usiku kucha na mchana wamelala, au wamekwenda dago, kwenye kambi za uvuvi za mbali. Ikiangukia mbalamwezi, wengi wao wako nyumbani. Hata hivyo, hayo yatabaki kuwa makisio hadi tufundishwe kulinganisha majibu kwa jinsia, umri na kazi, kuzipanga kwa makundi sababu wanazozitoa waliokataa, na kumtenganisha aliyekataa na ambaye hakuwepo.

Mafunzo hayo mlituahidi siku mlipotuandikisha, mkasema yatafuata baada ya msimu wa kwanza. Misimu imepita. Tunatembea juani nyumba kwa nyumba, posho inachelewa, tunafukuzwa milangoni na watu tuliokua nao, kisha tunaulizwa swali ambalo hatuna jibu lake: kila mwaka mnatuandika, mmegundua nini? Huwezi kumlaumu mwananchi kwa uelewa mdogo wakati hata tunaomhoji hatujawezeshwa kuyaelewa majibu yake.

Ndugu Mganga Mkuu, katika barua hii sidai posho. Naomba mafunzo ya uchambuzi, yafanyike hapa hapa katani, kwa kutumia madaftari yetu wenyewe, yakiongozwa na mtu atakayekubali kuulizwa maswali. Yafanyike kabla ya kampeni ijayo, wala si baada yake. Kama fedha hazipo, tuambieni hazipo. Kama zipo, tunaomba mtupatie tarehe, kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Mwambao wa Tanga