Kwa vijana wa baraza letu: Malcolm hakuishia Makka

Wajukuu zangu, Assalaam aleikum.

Alhamisi usiku nilikaa pembeni na kahawa yangu, mkadhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilimsikia mwenzenu akieleza alivyoitwa mtumwa kwa watu alikokwenda kuposa. Hajamaliza, mmoja wenu akamkata: "Malcolm X alipohiji aliacha mambo ya rangi, na wewe yaache." Mkacheka. Kijana wa watu akanyanyuka akaenda zake, kikombe chake hakijaguswa.

Mmemsoma mtu nusu nusu, na hiyo nusu mmeigeuza fimbo.

Bwana yule, mhubiri mweusi wa Marekani aliyepigania haki za watu wake, alikwenda kuhiji Makka Aprili 1964, wiki chache baada ya kuachana na Nation of Islam, kundi la Wamarekani weusi waliomfundisha kuwa mzungu ni shetani tangu kuumbwa. Jeddah akazuiliwa uwanja wa ndege: pasi ya Marekani, na sala yenyewe hajaishika sawasawa. Mhubiri mzima akafundishwa mkao wa tahiyatu kama mtoto wa chuoni, vifundo vya miguu vikimuuma. Aliyekuja kumkomboa, Dk. Omar Azzam, kule Marekani angehesabiwa mzungu. Baba yake Omar akamwachia chumba chake cha hoteli alale. Ndipo akaandika ile barua, kwamba amekula sahani moja na watu wenye macho ya buluu na imembidi ayapange mawazo yake upya.

Barua hiyo mnaikariri kama kaswida. Baada ya hapo je? Juni 28 alianzisha Organization of Afro-American Unity, jumuiya ya kutetea haki za Wamarekani weusi. Julai alikuwa Cairo, akiwasihi viongozi wa Afrika huru waifikishe kesi ya Wamarekani weusi Umoja wa Mataifa. Oktoba alikuwa Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere. Huyo ndiye aliyeacha mambo ya rangi? Aliacha kumhukumu mtu kwa ngozi yake. Dhuluma hakuacha kuitaja mpaka walipompiga risasi Februari 1965. Na huko huko hija aliona mahujaji wa rangi moja wakijikusanya pamoja bila kulazimishwa na mtu, akalisema. Alijuta pia: kuna binti wa kizungu aliyemfuata kumuuliza asaidie vipi, naye akamjibu kwamba hana la kufanya. Jibu lile lilimkera baadaye.

Sasa la kwetu. Mwaka niliohiji, kule Mina tulikula wali sinia moja: Mnaijeria, Mpakistani, mimi, na mzee mmoja wa mtaa huu huu. Kule Arafa mzee huyo alinishika bega akilia, "Ona, sote sawa." Haukupita mwaka, kijana seremala, mtu wa sala tano, akaleta posa kwa binti yake. Mzee akakataa: "Ukoo wao haujulikani." Nyote mnajua maana ya maneno hayo pwani: kwamba babu zao walikuwa watumwa. Bilal, mtumwa mweusi aliyeachwa huru akawa mwadhini wa Mtume, tunampenda akiwa juu anaadhini; akibisha hodi kuposa, tunamuuliza babu yake nani. Ujumbe wa mimbari kila mwaka ni huo huo, na ndoa zetu kila mwaka ni zile zile!

Nami nilikuwepo kwenye kikao kile. Nilinyamaza, nikamega halua.

Kwa hiyo: mwenzenu akisema limemuuma, mwacheni amalize. Msomeni mtu mpaka mwisho. Mkijaliwa Umra, punguzeni kupiga picha, kaeni sinia moja na msiowajua. Na mkirudi, msitudai tuwaite Alhaji.

Wewe uliyemkata kauli, unajijua. Leo baada ya isha nenda nyumbani kwake, peke yako. Mwambie kama bado anamtaka yule binti, atafute siku ya kurudi kuposa. Mzee wa kumsemea nitakuwa mimi, na safari hii halua siigusi.

Babu yenu