Mwanangu, jumla ya CD44 haitoshi

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Salamu. Unasema CD44, jeni ya protini ya kwenye utando wa seli, kwenye uvimbe wa tumbo imetoka kiasi kilekile na kwenye nyama yenye afya ya pembeni, kwa hiyo unataka kuiacha. Usiiache. Ulichopima ni jumla, na kwa jeni hii jumla inaficha mengi.

Treni ya Reli ya Kati ikifika Tabora, mabehewa hukatwa: haya ya Mwanza, haya ya kwetu. Seli nayo hunakili jeni nzima kuwa RNA, kisha hutupa introni (vipande vya kutupwa) na kuunga eksoni (vipande vya kubaki), na hapo kwenye kuunga ndipo penye uchaguzi. CD44 ina eksoni 10 za kudumu. Katikati yake zimo eksoni za hiari, v2 hadi v10, ambazo huingizwa au kurukwa: zikiingia, umbo ni refu; zikirukwa zote, ni fupi. Zikiingia v8 hadi v10, protini inayotoka huishikilia xCT, protini ya kupitisha vitu, kwenye utando wa seli. xCT huingiza sistini, aina ya asidi amino, nayo seli huitumia kutengeneza glutathioni, kinga yake, na molekuli kali za oksijeni hazifui dafu mbele yake. Umbo lenye v6 ndilo lililoonyeshwa mwaka 1991 kuzipa seli za saratani ya kongosho ya panya uwezo wa kusambaa. Ila usikariri kwamba refu ni baya na fupi ni jema. ESRP1, protini inayosaidia hizo v kuingia, ikipungua, seli hugeukia umbo fupi na huweza kulegeza mshikamano na jirani zake, ikaanza kuhama.

Ukishageuza RNA kuwa DNA, izidishe kwa PCR: weka praima (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia) moja kwenye eksoni ya 5 na nyingine ya 16, zile za kudumu zilizo huku na huku ya v, usome urefu wa kila mstari kwenye jeli inayotenganisha vipande kwa urefu, kisha thibitisha kwa praima iliyo ndani ya v6 au v9. PCR hupendelea kipande kifupi, kwa hiyo ongeza muda wa kurefusha. Nyama iliyolala kwenye formalini RNA yake imekatikakatika: umbo refu litapotea, nawe utadhani saratani imechagua fupi. Kipande kisizidi nusu sentimita kwa unene. Kitumbukize papo hapo kwenye maji ya kuhifadhia RNA, mara tano ya ujazo wake, kilale usiku mmoja kwenye nyuzi 4, ndipo kiende -80. Na kila mara weka kichupa kimoja kisicho na kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA. Nacho kikitoa mstari, sampuli imechafuliwa na DNA.

Tumbo lenye Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, hujaa chembe nyeupe za damu, nazo zina CD44 fupi tele. Angalia hadubini kwanza, ujue umesaga nini.

CDH1, jeni ya protini inayoshikanisha seli, nayo ipime kwa RNA. Katika saratani ya tumbo ya aina ya kutawanyika (seli zake hutawanyika badala ya kushikana), eksoni ya 8 au ya 9 huweza kurukwa. Ya 9 ina herufi 183, zinagawanyika kwa 3, na kila herufi tatu hutaja asidi amino moja ya protini, hivyo usomaji hauvurugiki: protini hutoka ikiwa pungufu ya asidi amino 61, ikaweza kushika rangi kwenye slaidi kama iliyo nzima, huku kushikana na jirani kumelegea. Nitumie picha ya jeli hiyo pamoja na ya slaidi, za mgonjwa yuleyule.

Baba yako