Yah: Malalamiko kuhusu mtambo wa dijitali wa reli ndogo, oda ya tarehe 4 Februari

Kihonda, Morogoro
12 Machi 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tarehe 4 Februari mwaka huu niliwalipa Sh 1,150,000 kwa ajili ya mtambo wa dijitali wa kuendeshea reli ndogo ya nyumbani, yaani treni za mfano. Mzigo ulishushwa stendi ya Msamvu tarehe 11, boksi zima, gundi ya kiwandani haijaguswa. Kwa usafirishaji sina lawama. Lawama yangu ni kwamba kabla ya kulipa niliwauliza maswali matatu kwa maandishi, mkajibu ndiyo kwa yote, na mtambo mlionitumia hauna hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Nimekuwa fundi wa ishara za reli kwa miaka 31 kabla ya kustaafu. Nyumbani kuna chumba ambacho watoto walikihama, na humo nimejenga stesheni ya Kilosa kwa kipimo cha 1:87, juu ya plaiwudi mbili zilizounganishwa, ikiwa na pointi tisa za kubadilishia njia na tawi la kwenda Kidatu. Reli yake ina upana wa mm 16.5. Kwa kipimo hicho reli yetu halisi yenye upana wa mita moja ingepaswa kuwa nyembamba zaidi, karibu mm 12, lakini vichwa vya treni vya upana huu ndivyo binti yangu anavyoweza kuvipata kwa bei ninayoimudu huko Leipzig anakofanya kazi. Hununua vilivyokwisha kutumika, hunitumia kimoja kimoja. Mpaka sasa ninavyo vinne.

Kwa miezi minne sikununua mtambo wowote. Nilikuwa nasoma, kwa sababu mtambo ukishaununua ndio unaokupangia kila kitu utakachonunua baada yake. Kwenye utaratibu wa zamani, umeme wa relini ndio amri yenyewe: ukiongeza volti, kila kichwa kilichopo juu ya reli hiyo kinaongeza mwendo. Kwenye dijitali reli ina umeme wakati wote, na amri husafiri humo humo ndani ya umeme. Kila kichwa kina dekoda, kifaa kidogo cha kupokea amri, inayosubiri kusikia anwani yake, yaani namba yake ya kuitwa. Ni kama simu ya upepo: wote wanasikia, anaitikia aliyeitwa.

Ila simu hiyo ina lugha zaidi ya moja, na hapo ndipo niliwataka mwe waangalifu. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilitoa dijitali yake katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya reli zake zinazopokea umeme katikati. Lugha nyingine, iitwayo DCC, ilianzia kwa Lenz wa Giessen, Ujerumani, kwa reli za nyuzi mbili, yaani zinazopitisha umeme kwenye vyuma viwili vya njia, kisha chama cha Marekani kiitwacho NMRA kikaifanya kiwango cha wote miaka ya 1990. Ndiyo maana leo dekoda ya DCC ya kiwanda kimoja huelewana na mtambo wa DCC wa kiwanda kingine. Vichwa vyangu vyote vinne ni vya DCC. Niliwaambia hivyo katika sentensi ya kwanza ya ujumbe wangu.

Ujumbe huo niliwatumia kwa WhatsApp tarehe 29 Januari, na bado ninao. Niliuliza: mtambo huu una mlango wa kuunganisha kompyuta? Unatoa angalau ampea 3? Unakubali anwani za tarakimu nne? Kijana wenu wa mauzo alinijibu baada ya dakika tano: "Ndiyo mzee wetu, dijitali zote ni moja, huo unafanya yote hayo."

Ndugu Meneja, dijitali zote si moja. Nendeni Kidatu mkaone. Pale reli ya kati yenye upana wa mm 1,000 inakutana na reli ya TAZARA yenye mm 1,067. Zote ni reli, zote ni za chuma, tofauti haizidi upana wa vidole vinne, lakini mzigo lazima ushushwe kwenye behewa hili upakiwe kwenye lile. Mtu anayeuza vifaa vya reli, hata vidogo, hapaswi kumwambia mteja kwamba zote ni moja.

Nilipofungua boksi sikuhitaji hata kuwasha umeme ili nijue nimepotoshwa. Niligeuza mtambo nikaangalia nyuma. Kuna matundu mawili tu: moja la adapta, jingine la nyaya mbili za kwenda relini. Hakuna tundu la kompyuta, hakuna la kuongeza kidhibiti cha pili, wala la kuunganisha busta ya kuongeza nguvu. Nikaugeuza tumbo juu. Kuna kibandiko cha fedha kidogo kama ukucha, na juu yake imeandikwa ampea 1. Nilivaa miwani nikasoma mara ya pili. Kisha nikafungua kijitabu, na ukurasa wa nne unasema anwani ni kuanzia 1 hadi 99.

Hata hivyo niliujaribu, maana sikutaka kulalamika kwa kusoma tu. Kichwa kimoja kilikwenda vizuri, nasema kweli, kilianza taratibu bila kushtuka. Cha pili kikaongezeka, navyo vikaendelea. Nilipowasha cha tatu, ambacho kina sauti na taa za mabehewa, taa nyekundu ilianza kupepesa na treni zote zikasimama hapo hapo, moja ikiwa katikati ya daraja. Nilirudia mara sita. Nikaweka mita upande wa adapta, kwa sababu mita ya kawaida haisomi vizuri umeme wa DCC relini, nikaona mtambo unakata kila mzigo unapovuka kidogo ampea moja. Haujaharibika. Unafanya kile ulichotengenezwa kufanya, yaani treni mbili za mtoto anayeanza, na kwa mtoto anayeanza ni kifaa kizuri. Mimi niliomba kingine.

Tatizo la nguvu limeharibu na kitu cha pili ambacho mtu asiyejenga reli hawezi kukifikiria. Mwisho wa tawi langu la Kidatu kuna kitanzi cha kugeuzia treni. Kwenye reli za nyuzi mbili, treni ikizunguka kitanzi na kurudi, uzi wa kulia unakutana na wa kushoto, hiyo ni shoti. Kuna moduli ndogo ya kugeuza nyaya yenyewe, nami ninayo tayari. Moduli hiyo huhisi shoti na kugeuza upesi kabla treni haijajua lolote. Lakini ili ihisi, inahitaji umeme wa kutosha upite kwa muda mfupi sana, na mtambo wenu unakata kabla moduli haijafanya kazi yake. Kwa hiyo treni ikifika pale inakufa, kila safari. Swali langu la ampea 3 lilitokana na kitanzi hicho.

Kuhusu anwani: kichwa kimoja ni dizeli nyekundu ya Kijerumani, aina ya 218. Mwenyewe wa kwanza aliipa anwani ya tarakimu nne, kama wafanyavyo wengi, ili namba ya kuiita ifanane na namba iliyoandikwa ubavuni. Kiwango cha DCC kinaruhusu anwani kupita 10,000. Mtambo wenu hauwezi kuiita dizeli hii, na hauwezi hata kuifuta anwani hiyo ili nianze upya, kwa sababu haufikii vigezo vya ndani vya dekoda, vile vinavyoitwa CV. Unabadilisha anwani fupi tu, basi. Kichwa ni kizima kabisa, binti yangu alikilipia jasho lake, na kwangu kimekaa pembeni ya stesheni tangu Februari kama gogo.

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni ule mlango wa kompyuta, na naomba mnisikilize hapa hata kama mengine mtayapita. Kazi yangu yote ilikuwa jambo moja: treni isiingie kwenye kipande cha njia ambacho kina treni nyingine. Kwa miaka 31 nimefunga nyaya, nimesafisha mikono ya ishara, nimeamshwa usiku wa mvua kwa sababu stesheni masta hana uhakika kama kipande kati yake na mwenzake kiko tupu. Chumba kile nilikijenga ili niufanye utaratibu ule tena kwa mikono yangu na kumwonyesha mjukuu wangu jinsi unavyokwenda. Nimeigawa reli yangu vipande kumi na viwili, nimekata nyuzi kwa msumeno mwembamba na kufunga kifaa cha kuhisi umeme kwenye kila kipande. Vifaa hivyo naweza kuviunganisha na taa za ubaoni, na taa zitaniambia treni iko wapi. Kusimamisha treni je? Hapo ndipo kompyuta inahitajika: isome vipande, kisha iamuru mtambo. Programu ya JMRI inafanya hivyo na haiuzwi, ni ya bure. Inahitaji tu mtambo wenye mlango wa kuingilia. Wenu hauna, na hakuna kifaa cha kuongeza kitakachoutengeneza.

Ningekuwa nimejibiwa ukweli, nilikuwa na njia nyingine. Kuna DCC-EX, programu ya wazi inayowekwa kwenye Arduino, bodi ndogo ya elektroniki unayoipangia kazi mwenyewe, yenye bodi ya mota juu yake, nayo inaelewana na JMRI na inakubali anwani ndefu. Kijana wa jirani aliyesoma umeme angenisaidia kuiunda kwa sehemu ndogo ya fedha niliyowapa. Nilichagua duka kwa sababu nilitaka kitu chenye dhamana na mtu wa kumwuliza. Hilo ndilo nililolipia.

Nilipowapigia tarehe 13 Februari, siku mbili baada ya kupokea, niliambiwa kwamba boksi likishafunguliwa bidhaa hairudi. Nikauliza, ningehesabuje matundu bila kufungua boksi? Nikaambiwa nitume barua pepe. Nilituma tarehe 14, nikatuma tena tarehe 24. Sijajibiwa hata kwa mstari mmoja. Wakati huo huo tangazo la mtambo huu bado linasema "unaendesha treni zote utakazo", na mtu mwingine anaweza kuwa analipa leo.

Sharti lenu la boksi linamhusu mteja aliyebadili mawazo. Mimi sijabadili. Nataka kile kile nilichouliza tarehe 29 Januari. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa, na jibu lenu la maandishi lilinipotosha katika sifa tatu.

Kwa hiyo naomba, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, mfanye moja kati ya mawili. Mnirudishie Sh 1,150,000 yote, pamoja na nauli ya kuurudisha mtambo Dar es Salaam. Au mniletee mtambo wa DCC wenye ampea 3 au zaidi, anwani za tarakimu nne, uwezo wa kusoma na kuandika CV, na mlango wa kompyuta unaofanya kazi na JMRI. Na kama bei yake imezidi, mnionyeshe tofauti kabla, niamue mwenyewe. Kama hakuna hata moja litakalofanyika, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani nikiwa na ujumbe wote niliouhifadhi.

Pia naomba tangazo lirekebishwe. Liandikwe ampea 1, anwani 1 hadi 99, hakuna mlango wa kompyuta. Maneno hayo hayajazi mistari miwili, na yangenitosha mimi. Yule kijana wa mauzo sitaki aadhibiwe. Alinijibu kwa heshima, na nadhani hakuna aliyemfundisha anachokiuza. Mfundisheni. Akija Morogoro aje nyumbani, nitamwekea mtambo mezani na kumwonyesha tofauti kwa macho yake.

Mtambo nimeurudisha kwenye boksi lake, na adapta, nyaya na kijitabu, bila mkwaruzo. Nimeambatanisha risiti ya malipo, picha ya ujumbe wa tarehe 29 Januari na jibu lake, picha ya upande wa nyuma wa mtambo, na ya kile kibandiko. Simu yangu mnayo kwenye oda. Napatikana siku yoyote kuanzia saa kumi jioni.

Wenu,

Mteja wa oda ya tarehe 4 Februari,
fundi mstaafu wa ishara za reli